Mtungi Mmoja wa Siki

Kiwavi wa ishirini na moja alikuwa hajafa vizuri. A-Shing alipompasua ubavuni, akajikunja, akamkumbatia kidole, na maji ya kijani yakamrukia A-Shing mdomoni.

"Pumbavu," alimwambia kiwavi. Akatema, akajifuta kwa bega. Mikono isingemsaidia kitu, mikono ndiyo ilikuwa michafu kuliko vyote.

Tangu kulipokucha alikuwa amechuchumaa nyuma ya banda la nguruwe, kushoto ndoo ya viwavi waliozamishwa majini, kulia beseni la siki. Kila kiwavi mnene kama kidole gumba, kijani cha usaha, nywele zimemsimama mgongoni. Ukimpasua unakutana kwanza na majani ya mkafuri aliyokula, uji mweusi. Halafu mafuta ya njano. Halafu, ndani kabisa, mirija miwili inayong'aa kama tambi zilizolala kwenye maji. Hiyo ndiyo hariri yake kabla hajaitema. Unaichomoa usiikate, unaitia kwenye siki, unasubiri ishikane. Kisha unashika ncha mbili, unavuta pumzi, unafungua mikono mpaka mwisho. Pumzi moja. Ukisita katikati uzi unakuwa na kiuno, na samaki akija kuukata hatatafuta pengine, ataukatia hapo.

Wavuvi wa pwani wanausifu sana uzi huo. Ukiingia majini hauonekani. Unakotoka hawajui, au wanajua na hawataki kufikiria.

Watu husema unazoea. Uongo mtupu. A-Shing aliianza kazi hii ana meno ya utoto, sasa ana miaka ishirini na sita, na kila msimu tumbo lake linakataa upya kama mara ya kwanza. Tambi hali. Siki hataki hata harufu yake ikitoka kwa jirani. Wali anaula ameshika vijiti juu kabisa, vidole visikaribie mdomo, na mama yake akimwona anasema, "Mtazameni bwana mkubwa. Anakula kama anajitoa mwiba."

Na leo alitakiwa kula bakuli zima la siki, mbele ya wakwe.

Mtoto wake wa kwanza alikuwa anatimiza mwezi. Kwetu mwanamke akijifungua anapikiwa makongoro ya nguruwe kwa siki, tangawizi na sukari nyingi, mayai yanatumbukizwa humohumo mpaka yanageuka kahawia. Chungu hakitoki mekoni mwezi mzima. Kikipungua kinaongezwa. Mwezi ukitimia wakwe wanakuja, kinafunuliwa mbele yao, na bakuli la kwanza analila baba wa mtoto, lote, mpaka tone la mwisho. Akiacha, ni kama amesema mtoto si wake.

Hilo peke yake lingetosha. Lakini kulikuwa na jambo jingine, na hilo alikuwa analijua yeye tu.

Nyumba ya kina Mok ina mtungi mmoja wa siki, unafika kiunoni, umekaa kona ya jiko tangu enzi za babu. Siki ya kupikia inatoka humo. Siki ya viwavi inatoka humohumo. Sheria ni moja: inatoka, hairudi. Siku sita nyuma mvua ilimkuta A-Shing kazini. Beseni lilikuwa limejaa, limetumika kwa viwavi kumi tu, na mama yake siku nzima alikuwa anapiga kelele kwamba siki inakwisha. A-Shing akaona dhambi kumwaga. Akatazama huku, akatazama huku, akaibeba mpaka jikoni akairudisha mtungini. Ikaanguka kwa sauti nzito, kama kitu kilichoshiba. Nyuzi zilizomkatikia mkononi asubuhi hiyo zilikuwa humo ndani, alijua. Akajiambia zitazama chini, zitakaa hukohuko.

Siku ya tatu baada ya hapo akaingia jikoni, akamkuta mama yake ameinama, mkono umezama mtungini mpaka kwapani, anachota kwa kata ile siki ya chini kabisa. Anaongeza kwenye chungu cha makongoro.

"Mama," alisema.

"Toka humu na mikono hiyo! Toka!"

Akatoka. Akasimama uani. Alikuwa na mdomo, alikuwa na nafasi, hakusema. Na tangu hapo mkewe Suetmui alikuwa anakula chungu hicho asubuhi na jioni, huku anamnyonyesha mtoto.

"We Shing!" Mama yake alikuwa anaita toka mlangoni. "Wakwe zako wameshavuka mto! Bado unachezea wadudu?"

A-Shing akaangalia ndoo. Nusu ilikuwa bado. Kule juu kwenye mikafuri wengine walikuwa wanateremka kwenye magogo taratibu, wamekuwa angavu, wameshaharisha choo chao cha mwisho, wanatafuta pa kujisokotea. Kiwavi hangoji sherehe. Usipomvuta leo, kesho kashajifungia kwenye kifuko chake na wewe umebaki na majani. Akafunika ndoo kwa ungo, akaenda kunawa.

Alinawa kwa majivu. Akanawa kwa majani ya balungi mpaka ngozi ikawaka. Akanusa vidole. Kafuri na siki, na chini yake kitu kingine, kama kidonda kilichofungwa siku nyingi.

Chumbani Suetmui alikuwa ameinamia beseni, anaosha nywele kwa maji ya tangawizi. Mwezi mzima hakuruhusiwa kuzigusa. Mtoto alikuwa kitandani, mwekundu, amekunja ngumi.

"Umevuta leo," alisema Suetmui bila kugeuka.

"Kidogo."

"Ulimwahidi mama yangu leo huvuti."

"Viwavi hawakuwepo wakati naahidi."

Suetmui akakamua nywele, akacheka kidogo puani. "Mshike mtoto, nijifute."

"Nanuka."

"Unanuka mwezi mzima. Ataanza kutembea, bado unanuka. Ataolewa, bado unanuka. Atakuja kukuuliza, wewe mwanaume ni nani hapa?"

A-Shing hakusogea. Alikuwa anaangalia bakuli tupu pembeni ya kitanda, mifupa midogo imekwanguliwa ikawa myeupe.

"Sikiliza," alisema. "Leo usile makongoro."

"Kwa nini?"

"Basi tu. Yamekaa sana."

"Yamekaa!" Suetmui akageuka, uso unachuruzika maji. "Wiki hii ndiyo yamekuwa matamu. Zamani yalikuwa makali, sasa yamelainika, yana kauzito fulani. Nimemuuliza mama yako kaongeza nini, ananiambia siri ya jiko."

 Sema sasa, A-Shing alijiambia. Lakini aliona hata atakavyotazamwa. Mwanamke ambaye amekula siku tatu, anaambiwa alichokula. Na nyuma ya Suetmui alimwona mama mkwe, ambaye ndiye aliyekuwa anamwogopa kweli.

Mama Yip anauza jibini ya soya sokoni, chini ya mto. Watu wasafi hao. Kila kitu chao cheupe: ndoo nyeupe, vitambaa vyeupe, mikono myeupe imekunjamana kwa maji. Siku ya posa, miaka miwili nyuma, alikaa kwenye kiti hikihiki cha kina Mok, akanywa chai nusu kikombe, na ndani ya kikombe, chini kabisa, akakuta kiwavi amechemka. Hakupiga kelele. Aliweka kikombe mezani, akawaambia wote waliokuwepo: "Binti yangu amempenda huyu, sawa. Lakini nikikuta uchafu huu tena kwenye chakula chake, siku hiyohiyo narudi naye nyumbani. Na akiwa na mtoto, namchukua na mtoto." Na si mama wa kutishia tu. Binti yake mkubwa alimtoa kwa mume kwa sababu ya chawa, na mpaka leo yuko sokoni anasaga soya.

A-Shing akaenda jikoni. Kama kusema hawezi, kumwaga ataweza. Chungu kilikuwa kimekalia mafiga matatu, kinapumua polepole, povu la kahawia linapasuka juu. Harufu ikampiga machoni. Akakaribia, akapima, akasukuma figa moja kwa goti.

"Unafanya nini?" Mama yake alikuwa nyuma yake, kata mkononi.

"Naweka figa sawa."

"Kwa goti?"

"Limepinda."

"Wewe ndiye umepinda. Kaa mbali na chungu changu, nimekilea kuliko nilivyokulea wewe." Akajisimamisha mbele yake kama askari wa lango, na hakutoka hapo mpaka wageni walipobisha hodi.

Mbele alikuwa Daiwai, kaka yake Suetmui, kapu la mayai mekundu kichwani na mdomo wazi tangu nje. "Shemeji! Nilikujua toka mtoni. Upepo umekuja kutupokea, ukasema, karibuni, A-Shing yupo."

"Na wewe mdomo wako ulifika jana," alisema A-Shing. "Leo umeleta mwili tu."

"Nisogelee basi nikukumbatie. Hapana, hapana, simama hapohapo, tukumbatiane kwa macho."

Wakacheka. Mama Yip hakucheka. Aliingia na kitambaa cheupe kichwani, akasimama katikati ya chumba, akatazama juu kwenye boriti. Kisha chini ya benchi. Akachukua kikombe chake, akakipindua, akakigonga chini mara tatu, ndipo akakiweka kimiminiwe chai.

"Siku hizi mnafunika vikombe," alisema. "Vizuri. Watu wanajifunza."

"Karibu, Mama," alisema A-Shing. Aliificha mikono nyuma.

"Toa mikono niione."

Akaitoa. Mama Yip akaitazama bila kuigusa, upande huu, akaashiria kwa kidevu, upande ule.

"Leo hujavuta?"

"Leo?" A-Shing alirudisha mikono nyuma. "Leo ni siku ya mtoto, Mama."

Suetmui akatoka na mtoto, nywele zimelowa, mashavu yamejaa. Mama Yip alimshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga kama anachagua kabichi, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea. "Umenenepa," alisema. "Wanakulisha."

"Wananilisha sana, Mama. Ngoja uonje makongoro."

Chungu kikaletwa, kikafunuliwa. Mvuke ukajaa chumba kizima. Daiwai akafumba macho akanusa kama mtu aliyefika kwao. Mama Mok akapakua bakuli la kwanza, akalijaza mpaka ukingoni: kongoro moja na kwato zake, mayai mawili, na ile siki nyeusi, nzito, inang'aa juu kwa mafuta. Akamwekea mwanawe.

"Baba wa mtoto," alisema.

 A-Shing akaangalia ndani ya bakuli. Ngozi ya kongoro ilikuwa imelainika mpaka inatikisika yenyewe, na tundu moja la nywele lilikuwa linamtazama. Chini yake aliona kivuli cha kitu chembamba. Kikapotea. Labda mafuta. Labda macho yake.

"Anasali?" aliuliza Daiwai.

"Mwache," alisema Suetmui. "Anaona haya."

A-Shing akavuta pumzi moja. Akafanya kama anavyovuta uzi: ukishaanza, husimami. Ngozi iliteleza ulimini kama kitu kinachoogelea. Akatafuna, akameza. Yai. Akameza. Tumbo likapiga teke, chakula kikarudi mpaka nyuma ya meno, chenye joto la mwili wake mwenyewe, akakimeza mara ya pili. Machozi yakamtoka. Akainua bakuli kwa mikono miwili, akanywa ile siki yote, na ilikuwa kweli kama Suetmui alivyosema: laini, ina kauzito fulani. Akalipindua bakuli mezani. Halikudondosha kitu.

Wakashangilia. Daiwai akapiga meza. "Analia! Kumbe mwanaume anampenda mtoto wake!"

Sasa wakala wote. Mama Yip alionja kwa ncha ya ulimi, akatulia, akaonja tena. Akasogeza bakuli karibu. "Mama Mok," alisema, na hata sauti ilibadilika, "siki hii umeitoa wapi? Mimi napika hii tangu nizaliwe, sijaipata hivi."

"Ya mtungini hapahapa. Ya kale."

"Nipe chupa niondoke nayo."

"Ntakupa mbili."

A-Shing alikuwa amekaza macho mezani, anapumua kwa mdomo. Imekwisha, alijiambia. Imeliwa, imekwisha.

Ndipo Suetmui alipoacha kutafuna.

Alikaa hivyo kidogo, shavu limejaa, macho hayapo. Akaingiza vidole viwili mdomoni. Akashika kitu kati ya meno, akavuta. Kikaja. Akavuta tena, kikaja tena, chembamba, kinang'aa, kimepakwa rangi ya siki, kinatoka kama hakina mwisho. Kilipofika urefu wa mkono wake akasimama. Hakumtazama mama yake. Alimtazama A-Shing.

A-Shing alikuwa anaujua uzi huo. Alikuwa anaujua kama mtu anavyojua mwandiko wake.

"Nini hicho?" aliuliza Mama Yip.

Kata ya Mama Mok ilibaki juu ya chungu.

"Mshipa," alisema Suetmui. "Mshipa wa nguruwe."

"Mshipa gani mrefu hivyo?"

"Nguruwe wa huku wanapanda milima, Mama. Wa kwenu wanalala tu."

Daiwai akacheka mpaka akapaliwa. Mama Yip hakucheka. Aliweka vijiti chini, akanyoosha kiganja cheupe juu ya meza. "Tema nione."

"Siutemi. Ndio utamu wenyewe." Na Suetmui akaurudisha ule uzi mdomoni, taratibu, kidole kwa kidole, kama mtu anayekunja kamba, akafunga midomo juu yake. Akatafuna. Koo likapanda, likashuka.

Mama Yip akamtazama binti yake muda mrefu. Kisha akamtazama A-Shing, ambaye jasho lilikuwa linamtiririka sikioni. Kisha akachukua vijiti vyake akaendelea kula, kwa sababu ilikuwa tamu.

Waliondoka jua likiwa bado juu, na mayai yao na chupa zao mbili za siki. Suetmui aliwasindikiza mpaka mlangoni. Mama yake alipomuuliza mbona haongei, alionyesha shavu, akatikisa kichwa, kama jino linamuuma.

A-Shing alikuwa ameshafika nyuma ya banda. Alitapika kwenye mfereji uleule anaomwagia siki iliyotumika, ameshika ukuta, mpaka ikatoka nyongo ya kijani. Nguruwe wakaja upande wao wa ukuta wakasimama kusikiliza. Alipoinua kichwa Suetmui alikuwa amesimama hapo. Tangu aolewe hakuwahi kufika upande huo wa banda. Aliangalia ndoo, beseni, maganda ya viwavi yaliyopasuliwa, yamerundikana, nzi wameyafunika. Aliangalia kila kitu bila kuharakisha. Kisha akaingiza kidole shavuni, akauchomoa uzi. Alikuwa hajaumeza.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Siku tatu."

"Siku tatu nakula, unaniangalia."

"Nilitaka kusema."

"Ulitaka." Suetmui akautemea mate uzi, akaupangusa kwa nguo yake, akaushika ncha mbili akaukaza. Haukukatika. Akaupitisha kati ya vidole polepole, na karibu na katikati vidole vikasimama.

"Hapa ulisita," alisema.

 Mdomo wa A-Shing ulikuwa mchungu, na ndani ya uchungu huo, jambo la kuchukiza kuliko yote, kulikuwa bado na ule utamu.

"Mtungi utaumwaga wewe," alisema Suetmui. "Na mama yako utamwambia wewe. Mimi nimeshasema uongo wangu wa leo, sina mwingine."

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Utaondoka?"

Suetmui akatazama fremu ya mianzi pale ukutani, ambapo nyuzi za asubuhi zilikuwa zimetandikwa kwenye misumari, zinakauka. Akatafuta msumari wenye nafasi. Akaufunga uzi wake huku na huku, akaukaza kama alivyoona nyingine zimekazwa, na hakuufunga vibaya.

"Mtoto ameamka," alisema. "Nawa uje umshike. Au usinawe, sijui. Njoo."

Akaondoka, nywele zimemlowanisha mgongo mzima.

Kwenye ndoo viwavi walikuwa wanaanza kulainika. Wengine wawili walikuwa wamefika chini ya ukuta, angavu, wanapapasa hewani kwa vichwa. A-Shing alinawa. Akanusa. Akanawa tena. Kisha akaisogelea fremu ili autoe uzi ule, autupe, usije ukaenda pwani ukafungwa kwenye ndoano ya mtu. Lakini jua lilikuwa limeshaukausha, na rangi ya siki imeshapauka, na nyuzi zote zilikuwa sawa, zinang'aa, hazionekani ila ukiinamisha kichwa. Hakukumbuka ni msumari upi.

Ndani mtoto alianza kulia. A-Shing akaweka kidole kwenye uzi wa kwanza, akakipitisha toka mwanzo mpaka mwisho, anatafuta kiuno. Akahamia wa pili.